Mwarubaini: Majina Yake, Manufaa Yake na Mpaka Wake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeotesha katika ardhi kila namna ya mmea, akatia katika baadhi ya mimea hiyo manufaa kwa viumbe vyake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, darsa yetu ya safari hii ni juu ya mti. Huenda wako watakaostaajabu na kusema: Jarida la watu wa darsa lina shughuli gani na miti? Twawaomba hao wasubiri mpaka mwisho wa maneno, kisha wahukumu.

Mti wenyewe hapana asiyeujua katika miji yetu. Ni mwarubaini, ule mrefu unaosimama nyuma ya nyumba, penye kisima na kando ya msikiti, ambao watoto huchuma vijiti vyake kufanya miswaki na wakubwa hukaa chini yake jua linapokuwa kali. Tumeuzoea hata hatuutazami. Na kitu kilichozoewa mno ndicho ambacho mtu hukisema bila ya kukifikiri.

Sababu ya darsa hii ni jambo lililotufika sisi wenyewe, nasi twalieleza kwa haya. Usiku mmoja tulipokuwa twatoka msikitini baada ya sala ya Isha, alitujia mzee mmoja wa mtaa wetu akasema kwamba mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, ana homa tangu jana. Akauliza, "Sheikh, tumpe nini?" Nasi, kwa haraka ya mtu ambaye chakula chake chamngoja nyumbani, tukamjibu, "Mpeni mwarubaini. Waponya maradhi arubaini, seuze homa moja." Mzee akashukuru, akaenda zake.

Siku ya tatu yake, kabla ya alfajiri, mtoto akashikwa na degedege. Wanawake wa nyumba wakasema ni nyuni, wakaanza kumtafuta mtu wa kumfukiza. Baba yake hakungoja, alimfunika mtoto shuka akambeba mpaka hospitali. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria, tena imekwisha panda kichwani. Mtoto akalazwa siku tisa, kisha Mwenyezi Mungu akamrejesha kwa wazee wake. Tulipokwenda kumzuru, mama yake hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Sheikh, sisi tulingoja kwa sababu neno lilikuwa lako."

Neno hilo limetulemea kuliko lawama. Tumesoma miaka mingi, na tumewasomesha wengine, kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kuwatibu watu hali hajulikani kwa utabibu huwa ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Mafundisho hayo yamo katika Sunan ya Abu Dawud. Lakini siku zote tulidhani kuwa wanaoambiwa ni waganga wa mitaani wenye vibuyu vyao. Hatukujihisabu kuwa na sisi tumo. Basi tukaurejea mti huu, tukausoma upya kama mtoto wa chuoni anayesoma alifu kwa ujiti, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KWANZA: MAJINA YAKE

Jina letu la mwarubaini, ambalo wengine hulitamka mwarobaini, latoka katika neno la Kiarabu la arubaini. Watu husema kuwa mti umeitwa hivyo kwa sababu waponya maradhi arubaini. Basi na tuulize: Ni nani aliyeyahisabu? Mwenye orodha ya maradhi hayo, kuanzia la kwanza mpaka la arubaini, ni nani? Tumewauliza wazee wetu wa kike na wa kiume, na kila mmoja alitaja matano, au manane, au kumi, kisha akasema, "Na mengineyo."

Ukweli ni kwamba arubaini katika lugha yetu si hisabu ya dukani. Twasema siku za mwizi ni arubaini, wala hapana anayekaa na karatasi kuzihisabu ili siku ya arubaini na moja amwachilie. Maana yake ni kuwa mwizi muda wake una ukomo. Kadhalika mti ulipoitwa wa arubaini maana yake ni kwamba manufaa yake ni mengi. Jina hili ni sifa. Waliolitoa walikuwa wakiushukuru mti, wala hawakuwa wakiandika cheti cha tabibu. Kosa letu sisi tuliokuja nyuma ni kuigeuza sifa kuwa hisabu, kisha tukaitegemea hisabu hiyo penye roho ya mtoto.

Jina jingine la mti huu kwa Kiswahili ni mkilifi. Mti wenyewe asili yake si ya huku. Umetoka Bara Hindi na nchi zilizo jirani nalo, ukaletwa pwani na watu waliokuja kutoka huko, nao ukaipenda ardhi yetu kana kwamba ndiko kwao. Wahindi huuita nim, na katika Kisanskriti, lugha yao ya kale, jina lake ni nimba. Ndugu zetu wanaosema Kigujarati huuita limdo. Wareno walipoonja uchungu wake waliupa jina la margosa, yaani mchungu. Watu wa Oman huuita sharish, na katika Yemen waitwa muraimira.

Wahausa wa Nigeria, ambao wengi wao ni Waislamu, waliupata mti huu katika miaka ya 1920 ulipoletwa Afrika ya Magharibi. Wao wameuita dogonyaro, maana yake ni kijana mrefu. Hilo nalo ni jina la haki, kwani mti huu huenda juu mita 15 mpaka 20, na pengine ukafika 30, na mzizi wake mkuu huzama chini sana kutafuta maji. Ndiyo sababu huuona umesimama kijani kibichi wakati wa kaskazi, pale miti mingine imekwisha nyong'onyea.

Jina lake la kitaalamu ni Azadirachta indica, nalo lina khabari yake. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliuandika mti huu mwaka 1753 kwa jina la Melia azadirachta. Kisha mwaka 1830 Mfaransa de Jussieu akaupa jina hili unalojulikana nalo leo. Neno lenyewe si la Kizungu. Ni la Kiajemi, azad dirakht, na azad ni aliye huru, yaani muungwana, na dirakht ni mti. Basi jina hilo la vitabuni lililoandikwa kwa herufi za Kilatini, maana yake ni mti muungwana wa Bara Hindi.

Lakini tahadharini hapa, kwani uungwana wa jina umeufunika mti mwingine pia. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyekufa mwaka 1037, ametaja katika kitabu chake cha Al-Qanun mti wa jina hilo la azad dirakht, akaonya juu ya sumu yake. Yeye alikuwa akiusema mti ulio ndugu wa mwarubaini, ambao wataalamu wauita Melia azedarach. Tazameni jinsi majina mawili haya, Azadirachta na azedarach, yanavyokaribiana. Yote mawili yametoka katika neno moja la Kiajemi, lakini miti ni miwili, na mmoja matunda yake huua.

PILI: KUUTAMBUA MTI NA NDUGUYE

Ndugu huyu wa mwarubaini amepandwa mahali pengi katika Kenya kwa ajili ya maua na kivuli, na wako wanaomwita mwarubaini nusu. Ni jina la hatari, kwa kuwa anayelisikia hudhani kwamba nusu ya manufaa imo humo, akachuma. Basi kila mwenye kutaka kuugusa mwarubaini kwa dawa na azijue kwanza alama nne.

Alama ya kwanza ni jani. Jani la mwarubaini lina uti mmoja mrefu, na vijani vimepangika huku na huku juu ya uti huo. Kila kijani kimepinda kidogo kama mundu, na ukingo wake una meno kama msumeno. Jani la nduguye lina uti unaotoa matawi, na matawi hayo ndiyo yanayobeba vijani, kwa hivyo jani moja hugawanyika mara mbili au mara tatu.

Alama ya pili ni ua. Maua ya mwarubaini ni meupe na harufu yake ni kama ya asali. Ya nduguye yana rangi ya zambarau iliyopauka.

Alama ya tatu ni tunda. La mwarubaini ni la mviringo mrefu kama zeituni, na likiiva huwa manjano, nao ndege na popo hulipenda. La nduguye ni la duara kama gololi, na huendelea kuning'inia mtini hata baada ya majani kupukutika.

Alama ya nne ni kokwa. Kokwa za mti huo wa pili zina tundu la asili katikati, na kwa sababu hiyo watu wa nchi mbalimbali wamezitunga kuwa shanga na tasbihi. Tasbihi yake haina neno. Lakini tunda lake likiliwa ni sumu kwa mtu na kwa mnyama, na mtoto mdogo akilila jingi huweza kufa. Mwenye mti huo uani kwake na awaonye watoto wake leo.

TATU: MANUFAA YALIYOTHUBUTU

Ndugu zetu, tukisema kuwa mti una mpaka, hatusemi kuwa hauna manufaa. Mwenye kuidharau elimu ya bibi zake kwa kuwa haikuandikwa naye amekosea. Tulipochunguza tumekuta kuwa mengi waliyoyafanya wazee yana msingi, nayo ni haya.

Mswaki. Kijiti kibichi cha mwarubaini hutafunwa ncha mpaka kikawa nyuzi nyuzi, kisha meno yakasuguliwa. Katika Bara Hindi desturi hii ni ya kale sana, na wachunguzi wa huko walipojaribu dawa ya meno iliyotiwa mwarubaini wameona utando wa meno ukipungua. Uchungu hutemwa, na kinywa hubaki safi.

Ngozi. Mama zetu huyachemsha majani, maji yakapoa, wakamwogesha mwenye tetekuwanga au upele ili mwasho upungue. Mwaka 1992 yalitangazwa matokeo ya jaribio la mwanzo lililofanywa Bara Hindi ya kusini, ambako watu 814 wenye upele walipakwa majani ya mwarubaini yaliyosagwa pamoja na manjano. Katika kila mia, 97 walipona baina ya siku 3 na 15. Lilikuwa ni jaribio dogo la kufungua njia, wala si hukumu ya mwisho, lakini laonyesha kuwa wazee hawakuwa wakicheza.

Nafaka, nguo na vitabu. Majani makavu yakitiwa katika gunia la mtama au kunde, fukusi hupungua. Yakitiwa sandukuni baina ya nguo, au katika kabati la vitabu, wadudu huzikimbia nguo na karatasi. Katika sisi wako waliorithi vitabu vya wazee wao vikiwa na majani haya yamekauka baina ya kurasa, wasijue kwa nini yaliwekwa. Basi hiyo ndiyo sababu.

Shamba na bustani. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan lilipotua kundi la nzige. Nzige wakala kila kijani kilichokuwapo, wakaiacha miarubaini imesimama na majani yake. Hilo liliwafungua watu macho. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza wakaitoa katika kokwa zake ile dawa inayowazuia wadudu, wakaiita azadiraktini. Kazi yake ni ya ajabu, kwani mdudu akiila huchukia chakula, na akiwa mchanga hushindwa kujivua gamba lake ili akue. Imefungamana kwa namna ngumu hata wanakemia wa Cambridge walichukua miaka 22 kuiunda kwa mikono, wakafaulu mwaka 2007. Mti wa uani kwetu huifanya kazi hiyo kila msimu.

Mwenye bustani ya mchicha au bamia aweza kuitumia bila ya gharama. Na achukue gramu 50 za kiini cha kokwa kavu, aziponde, azitie katika lita moja ya maji usiku mmoja, kisha achuje kwa kitambaa na kutia sabuni kidogo. Na anyunyize wakati wa jioni, kwani jua huiharibu dawa hii upesi. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Kivuli. Hili watu hulidharau, nalo huenda likawa ndilo kubwa. Ndugu zetu waliojaaliwa kwenda Hija wameiona miti iliyopandwa katika uwanja wa Arafa. Hiyo ni miarubaini, ipatayo 50,000, iliyopandwa katika eneo la kiasi cha kilomita 10 za mraba ili mahujaji wapate kivuli siku ya kisimamo. Haji mmoja wa kwetu alisimulia kuwa alipoliona jani lake pale, mbali na nyumbani, alilia. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na haja ya dawa. Alikuwa na joto, akaukuta mti wa uani kwao umemtangulia.

Na elimu hii ya wazee si kitu cha kuchezewa. Mwaka 1994 wizara ya kilimo ya Marekani pamoja na shirika la W. R. Grace walipewa katika Ulaya hati ya kumiliki njia ya kuondoa ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarubaini, kana kwamba wao ndio walioivumbua. Watu wakasimama kupinga, miongoni mwao Vandana Shiva wa Bara Hindi, wakaleta ushahidi kuwa mambo hayo yalijulikana na kutumiwa huko tangu zamani. Hati ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Tuzingatie hapo: walishinda kwa sababu walikuwa na ushahidi. Na sisi elimu ya bibi zetu iko wapi? Iko vichwani mwao, na kila mwaka twazika vichwa hivyo bila ya kuandika hata mstari mmoja.

NNE: MPAKA WAKE

Sasa twafika penye swali lililotuleta, nalo ni homa.

Ni kweli kuwa wazee walikunywa maji ya majani haya kwa homa, na wako waliopona. Lakini homa si ugonjwa mmoja. Homa ni alama, kama moshi unavyokuwa alama ya moto. Ziko homa za mafua zinazoondoka zenyewe siku ya tatu, na aliyekunywa mwarubaini siku ya pili husema kuwa ndio uliomponya. Na iko homa ya malaria, inayoletwa na kijidudu kinachoingia damuni kwa kuumwa na mbu. Malaria kali humwua mtoto katika muda wa siku chache, na pengine mchana mmoja na usiku mmoja hutosha kumtoa katika kucheza na kumtia katika degedege. Degedege hilo ndilo ambalo wengine huliita nyuni, wakatafuta ubani na makombe, na damu ya mtoto inaliwa.

Atauliza muulizaji: Je, si kweli kuwa wataalamu wameona mwarubaini ukiua vijidudu vya malaria? Twajibu: Ndiyo, wameona hayo katika vyombo vya kioo vya maabara, ambako vitu vilivyotolewa katika mti huu vilitiwa juu ya vijidudu vikafa. Lakini kioo si damu ya mtoto. Kinachoua kijidudu ndani ya kioo huenda kisifike damuni, au kikafika kidogo mno, au kikafika pamoja na madhara. Mpaka leo maji ya mwarubaini hayakuthubutu kuwa ni dawa ya kumponya mgonjwa wa malaria.

Wala hatusemi kuwa mti hauwezi kutoa dawa ya malaria. Imetoka mara mbili. Kwinini ilitolewa katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Na dawa inayotumika zaidi siku hizi asili yake ni mmea wa Uchina, wa jamii ya pakanga. Mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alisoma kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa kiasi cha miaka 1,600 iliyopita, akaona kuwa mzee huyo aliamrisha mmea uloweshwe katika maji kisha ukamuliwe, wala hakusema uchemshwe. Akafahamu kuwa moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaitoa bila ya moto mkali, na mwaka 1972 ikapatikana safi. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Hapo ndipo penye funzo. Mama huyo hakuidharau elimu ya wazee, na wala hakumpa mgonjwa jani kwa kuwa limesifiwa. Aliisoma, akaijaribu, akaipima, akajua kiasi chake na madhara yake. Mfano wa karibu nasi zaidi ni Salimuzzaman Siddiqui, Mwislamu wa Bara Hindi aliyekuja kuwa mwanakemia mkubwa wa Pakistan. Yeye alifanya kazi Delhi katika chuo cha tiba cha Hakim Ajmal Khan, tabibu wa dawa za Kiyunani. Mwaka 1942 alitangaza kuwa ameitoa katika mafuta ya mwarubaini nimbini na nyinginezo, naye ni katika watu wa mwanzo walioufungua mti huu kwa elimu ya kemia. Tiba ya zamani na elimu ya kemia zilikaa chini ya paa moja. Huo ndio mwenendo tuutakao kwa watu wetu.

Na mafuta ya mwarubaini yana khabari ya kutisha. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kwa maradhi madogo madogo. Watoto walitapika, wakashikwa na usingizi mzito, pumzi zikaenda mbio, degedege likafuata, na wako waliokufa. Mama zao hawakuwa waovu. Walikuwa wakifanya waliyoyakuta kwa mama zao.

Kwa hivyo twasema kwa wazi. Mtoto mchanga asinyweshwe mafuta ya mwarubaini hata tone, wala mtoto mdogo asipewe maji yake makali. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitaraji, asinywe dawa yake, kwani mafuta haya yamechunguzwa Bara Hindi kuwa ni kizuizi cha uzazi. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa za hospitali asiuongeze mwarubaini bila ya kumwambia daktari wake, maana sukari huweza kushuka ikapita mpaka. Na moshi wa majani yake, ambao hufukuza mbu kidogo, usimfanye mtu akakunja chandarua.

TANO: LA KUFANYA

Wako watakaosema kuwa kukimbilia hospitali ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Hao tumewasikia. Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa. Basi kuitafuta dawa iliyowekwa ni katika kumtegemea aliyeiweka. Na dawa ya kila ugonjwa hutafutwa mahali pake. Mwenye kiu haendi kwa mwuza mkaa, hata akiwa mwuza mkaa huyo ni mtu mwema kupita wote.

Sisi katika darsa yetu tumekubaliana mambo matatu. La kwanza, mtoto akishikwa na homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile, wala asingojewe mpaka kesho. Na tukiulizwa sisi, masheikh na walimu wa vyuo, jawabu letu liwe moja: Amekwisha pimwa? La pili, mwarubaini ubaki mahali pake pa heshima, nako ni katika meno, katika ngozi, katika ghala, katika bustani, na katika kivuli. La tatu, kila kijana wa darsa akae na bibi yake au jirani yake mzee, aandike kila mti anaoujua, jina lake, alama zake, jinsi unavyotumiwa, na nani asiyefaa kuutumia. Madaftari yaletwe, yasomwe, na anayejua zaidi asahihishe.

Mzee yule aliyetuuliza usiku ule tumemwendea nyumbani kwake, tukamwambia mbele ya watu wake kuwa jawabu letu lilikuwa kosa, nasi twaomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu wake aje kutoa mkono. Mtoto alikuja mbio kutoka uani, kinywani ana kijiti cha mwarubaini anakitafuna. Tulicheka sote, na mama yake akacheka pia.

Mti haukukosa kitu. Uliitwa kwa sifa, nasi tukautwisha mzigo usio wake. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema tunayoyajua, na kunyamaza au kuuliza katika tusiyoyajua. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.